Mumunya Kwanza, Tafuna Baadaye: Namna ya Kuonja Chokoleti ya Chumvi na Korosho

Ukitaka kuijua vizuri chokoleti yenye chumvi na korosho, nunua baa mbili. Moja iwe hiyo yenye chumvi na korosho. Ya pili iwe tupu, ya mtengenezaji yuleyule na yenye kiwango kilekile cha kakao. Bila ile tupu hutajua kama ladha nzuri unayoisikia imetoka kwenye kakao au imeletwa na korosho zilizokaangwa zikaiva, wala hutajua kama chumvi iliwekwa kuinua ladha au kuficha kasoro. Kazi ya chumvi na njugu ni kuifanya kakao isikike zaidi. Zikiifunika, umelipa bei ya chokoleti ukala korosho.

Nikisema njugu hapa nazikusanya zote: karanga, korosho, lozi, makadamia, na zile za Ulaya kama hezelinati. Kama wewe au mgeni wako ana mzio wa mojawapo, kuonja kuishie kwenye baa tupu, tena baada ya kusoma karatasi yake neno kwa neno, kwa kuwa viwanda vingi hupitisha baa zote kwenye mashine zilezile.

Ulimi wa mtu wa pwani umeshafundishwa sehemu kubwa ya somo hili barazani. Kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, kashata ya karanga mkononi: uchungu unatangulia, sukari inaupoza, karanga inaleta mafuta na harufu ya kukaangwa. Chokoleti ya njugu imejengwa kwa mambo hayohayo matatu, ikaongezewa la nne, yaani chumvi. Kwa hiyo usiingie dukani na woga kwamba hii ni elimu ya watu wa mbali.

Dukani

Geuza baa usome nyuma kabla ya kutazama picha ya mbele. Asilimia 70 maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za chokoleti, gramu 70 zimetoka kwenye mbegu ya kakao, yabisi yake pamoja na mafuta yake. Zinazobaki karibu zote ni sukari. Kwenye baa yenye njugu, sheria za Umoja wa Ulaya hutaka kiwango cha kakao kihesabiwe baada ya kuondoa uzito wa njugu, hivyo namba hiyo inaisemea chokoleti peke yake. Kwa kuonja, mimi humshauri mtu aanze kati ya asilimia 60 na 70. Chini ya hapo sukari inaongea mno. Juu ya 80 uchungu unataka mazoezi.

Halafu soma orodha ya viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kile kilichowekwa kwa wingi kikitangulia. Baa nyeusi nzuri ina orodha fupi: kakao, sukari, mafuta ya kakao, njugu, chumvi, pengine lesithini na vanila. Ukikuta sukari imetangulia kwenye baa inayojiita nyeusi, au mafuta ya mawese yamechukua nafasi ya mafuta ya kakao, irudishe kwenye rafu. Mafuta ya mawese hayayeyuki mdomoni kama ya kakao. Yanaacha utando kama nta kwenye kaakaa, na chumvi yoyote itakayowekwa juu yake itasikika kavu na kali. Bei ya kakao ilipopanda sana duniani mwaka 2024, ikapita dola 10,000 kwa tani, kishawishi cha kupunguza kakao na kujaza vitu vingine kiliongezeka, na tangu hapo kusoma viambato kumekuwa na faida zaidi kuliko zamani.

Tafuta pia jina la mahali. Baa iliyoandikwa Tanzania inaweza kuwa imetoka Kyela au Rungwe, kusini magharibi, kunakolimwa sehemu kubwa ya kakao ya nchi na kuuzwa minadani kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Inaweza pia kuwa imetoka Mbingu, bonde la Kilombero mkoani Morogoro, ambako kampuni ya Kokoa Kamili hununua kakao mbichi kwa wakulima na kuivundika yenyewe. Mbegu zake husafiri hadi kwa watengenezaji kama Dandelion wa San Francisco. Uganda ina Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, iko kakao ya Beni. Baa inayotaja mahali haiwi nzuri kwa sababu hiyo tu, lakini mtengenezaji anayetaja shamba amejifunga: mwaka ujao utaweza kumlinganisha na wenzake.

Jambo la mwisho dukani ni ngozi ya baa, kama karatasi inakuruhusu kuiona. Utando wa kijivu au madoa meupe si ukungu. Mara nyingi ni mafuta ya kakao yaliyoyeyuka, yakapanda juu na kuganda upya. Katika miji yetu ya joto, ambako umeme unaweza kukatika usiku na kiyoyozi cha duka kikazimika, hili hutokea mara kwa mara. Baa za njugu hupata madoa mapema zaidi, kwa sababu mafuta ya njugu, ambayo kwenye joto la kawaida ni majimaji, hutambaa polepole hadi juu na kuyabeba ya kakao. Ukiila haikudhuru. Ila kwa kuonja imeshaharibika, maana ulaini wake umeondoka. Chagua yenye tarehe ya karibuni.

Joto, na namna ya kulikwepa

Mafuta ya kakao huweza kuganda kwa maumbo sita ya fuwele. Mtengenezaji huipasha chokoleti na kuipoza kwa mpango maalumu ili ipate umbo la tano, linaloyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Sentigredi, chini kidogo tu ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti nzuri hukatika kwa mlio ukiivunja, kisha huyeyuka yenyewe ukiiweka ulimini. Na ndiyo maana mchana wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, si wakati wa kuonja. Chumba kikiwa na nyuzi 31, baa inalegea mkononi, harufu yake yote inatoka kwa mkupuo, na mlio wa kuvunjika haupo. Onja alfajiri, au usiku, au kwenye chumba chenye kiyoyozi. Nyuzi 20 hadi 22 zinatosha.

Kama huna budi kuihifadhi kwenye friji, ifunge kwanza kwenye mfuko usiopitisha hewa, kisha uiweke kwenye kopo lenye mfuniko. Siku ya kuonja, itoe ikiwa bado imefungwa, uiache mezani nusu saa au zaidi. Ukifungua ingali baridi, unyevu wa hewa utatua juu yake, utayeyusha sukari ya juu, na ukikauka utaacha chengachenga ambazo ulimi utazichukua kuwa ni chumvi. Hapo umeshapoteza jaribio kabla hujaanza.

Usionje baada ya pilau yenye pilipili, wala mara baada ya kupiga mswaki, na siku hiyo acha udi na marashi makali. Weka mezani maji ya uvuguvugu na mkate mtupu. Nasisitiza uvuguvugu: maji ya baridi hugandisha mafuta ya kakao juu ya ulimi, na kipande kinachofuata kinapita juu ya utando wa kilichotangulia.

Baa tupu kwanza

Vunja kipande cha gramu tano hivi, ukisikilize kinavyokatika. Kinuse pale kilipovunjika, si juu. Kisha kiweke ulimini, utafune mara mbili au tatu tu ili kivunjike, halafu acha meno. Kimumunye. Kisukume taratibu kwenye kaakaa, ukipumua kwa pua mdomo ukiwa umefungwa.

Kuna jaribio moja ambalo watoto hulipenda, nalo huwafundisha watu wazima zaidi. Bana pua kwa vidole, weka kipande mdomoni, umumunye. Utasikia utamu, uchungu, pengine uchachu kidogo, basi. Sasa achia pua. Kakao yote inaingia kwa mara moja, kwa sababu harufu hupanda kutoka nyuma ya koo hadi puani. Ukishalifanya hilo mara moja utaelewa kwa nini kutafuna haraka na kumeza ni hasara: harufu haijapata nafasi ya kupanda.

Gawa unachokisikia kwa wakati. Mwanzo kuna nini, katikati kuna nini, na baada ya kumeza kinabaki nini na kwa muda gani? Kakao ya Mbingu, kwa mfano, hujulikana kwa uchachu wa matunda unaotokea katikati. Tumia majina ya vitu unavyovila na kuvinusa mwenyewe: ukwaju, zambarau, ndizi iliyoiva hadi ikawa na madoa, asali mbichi, mkate uliotoka jikoni, tumbaku, ubao mpya. Huna haja ya kuazima majina ya matunda ambayo hujawahi kuyaweka mdomoni. Ladha hizo zina asili yake. Mkulima akishavunja tunda la kakao, mbegu na utelezi wake mweupe huwekwa kwenye masanduku ya mbao, zikafunikwa kwa majani ya migomba na kuvundikwa kwa siku tano hadi saba, zikigeuzwa ili zipate hewa. Hapo ndipo ladha ya chokoleti inapoanza kujengeka. Zikivundikwa pungufu, chokoleti inakuwa na ukakasi, inakausha mdomo kama ndizi mbichi. Zikianikwa juani kwa subira, uchachu mkali unapungua na matunda yanabaki. Zikikaushwa kwa moto kwa sababu mvua haikatiki, moshi unaingia na hautoki tena. Kyela inapata mvua nyingi sana, kwa hiyo nikionja baa ya huko ikawa safi, bila moshi wala ukungu, najua kuna watu waliozifunika na kuzifunua mbegu zile kwa siku nyingi.

Andika maneno manne au matano kabla hujagusa baa ya pili. Ukishaonja chumvi, kumbukumbu ya baa tupu itabadilika.

Chumvi

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote kuhusu chumvi yanajieleza. Chokoleti ni kama haina maji. Iliyotengenezwa vizuri ina unyevu usiofika asilimia mbili. Chumvi huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo ndani ya baa kila punje inabaki punje, imejifungia, hadi ikutane na mate yako. Ukubwa wa punje na mahali ilipo ndivyo vinavyoamua utaisikia lini na kwa nguvu gani. Watengenezaji wawili wanaweza kuweka kiasi kilekile cha chumvi, mmoja akapata baa tulivu na mwingine akapata baa inayokushtua.

Chumvi laini iliyosagwa pamoja na chokoleti hutawanyika kila mahali. Huisikii kama chumvi. Unachosikia ni kwamba uchungu umepungua na utamu umekuja mbele, ilhali sukari haikuongezwa. Mwaka 1997 Paul Breslin na Gary Beauchamp, wa kituo cha utafiti cha Monell huko Philadelphia, walichapisha jaribio lao katika jarida la Nature lililoonyesha njia hiyo: walichanganya kitu kichungu na sukari, wakaongeza chumvi ya sodiamu, na waonjaji wakasikia uchungu umeshuka na utamu umepanda. Sodiamu ilikuwa imeuzuia uchungu uliokuwa ukiifunika sukari. Nadhani ndiyo sababu pia ya sisi kula embe bichi kwa chumvi bila kufundishwa na mtu.

Punje kubwa zilizonyunyizwa juu hufanya kazi nyingine. Hapo chumvi inakuja kama tukio, inawaka, inazimika, na baada yake kakao inasikika tamu kwa muda mfupi. Sasa itazame baa yako. Chokoleti humiminwa kwenye kalibu uso wake ukiwa chini, ndipo chumvi na njugu zikanyunyizwa kwenye mgongo ulio juu. Kwa hiyo punje zote ziko upande mmoja. Chukua vipande viwili. Cha kwanza kiweke mgongo ukigusa ulimi: chumvi inafika kwanza, kwa ukali, na kakao inakuja nyuma yake ikiwa imelainika. Cha pili kigeuze, uso laini uguse ulimi: kakao inafunguka yenyewe, na chumvi inakuja kuchelewa, wakati uchungu umefika kileleni. Chokoleti ni ileile, lakini utadhani ni baa mbili. Mimi napendelea njia ya pili kwa baa nyeusi na ya kwanza kwa chokoleti ya maziwa. Nikionja na wenzangu huwaomba wafanye zote mbili kabla ya kutoa hukumu, maana wengi wanaosema "imezidi chumvi" wamelaza tu upande wa chumvi.

Umbo la punje nalo lina maana. Chumvi ya Maldon, kutoka Essex huko Uingereza, ni vipande vyembamba vyenye umbo la piramidi. Vinavunjika kwa mguso na kuyeyuka upesi. Ile bora ya Guérande, Ufaransa, huokotwa juu ya maji ya mabwawa, ina unyevu na punje zisizolingana. Chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya pwani, kama ya Bagamoyo, Mtwara au Gongoni kaskazini ya Malindi, hukauka kwenye mabwawa kwa jua na upepo, ikaganda kwa punje nene za pembe nne. Ni chumvi nzuri, ila ikiwekwa nzima nzima inagonga jino na kuchelewa kuyeyuka. Ipondwe kidogo kwenye kinu, ipepetwe, vumbi liachwe, zitumike punje za ukubwa wa mbegu ya ufuta. Watengenezaji wa Afrika Mashariki wanaoagiza chumvi ya Ulaya kwa ajili ya baa zao wananisikitisha, kwa kuwa kazi iliyobaki ni ya mchi na chekeche tu.

Kiasi je? Kwenye karatasi za baa za Ulaya utakuta chumvi imeandikwa kwa gramu katika kila gramu 100. Kwangu mimi nusu gramu ni mahali pazuri kwa baa nyeusi. Kumbuka kwamba baa ya maziwa ina chumvi ya asili ya maziwa, hivyo namba yake itakuwa juu hata kama hakuna aliyenyunyiza kitu.

Wanaoishi pwani wana neno la ziada. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huanza kunyonya maji. Baa uliyoifungua jana na kuiacha mezani Tanga au Lamu itakuwa na matone madogo juu ya kila punje. Ladha inakuwa kali na bapa, na njugu zilizo jirani zinapoteza ukavu wake. Fungua, onja, funga siku hiyohiyo.

Desturi hii ya chumvi kwenye vitu vitamu ilipata nguvu kwenye maduka ya kisasa kutoka Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Eneo hilo lilikuwa limesamehewa kodi ya chumvi ya wafalme, na siagi yenye chumvi ikawa ya kila siku huko. Henri Le Roux, aliyefungua duka lake Quiberon mwaka 1977, alitengeneza karameli kwa siagi hiyo na kuichanganya na njugu zilizopondwa. Chumvi na njugu zilikuwa pamoja tangu hapo, na sababu ipo: njugu ina mafuta mengi, na mafuta bila chumvi huchosha ulimi mapema.

Njugu

Kabla ya kula baa, chokoa njugu moja kwa ncha ya kisu, uionje peke yake. Iwe kavu, ikatike, iwe na harufu ya kukaangwa. Ikiwa inanesa, ilikaa. Ikiwa ina ladha ya mafuta ya zamani, kama karai lililoachwa na mafuta ya juzi, baa nzima imekwisha, na hakuna chumvi itakayoiokoa. Njugu yenye uchungu wa ajabu au ukungu iteme. Kwa karanga hasa usifanye mchezo, kwa sababu ya sumukuvu: uchungu si kipimo cha sumu hiyo, lakini karanga iliyosinyaa au kubadilika rangi haina sababu ya kumezwa.

Korosho ndiyo ninayoipenda zaidi na chokoleti nyeusi, na sisemi hivyo kwa uzalendo. Ina mafuta pungufu kuliko wenzake, karibu asilimia 44, na ina wanga, kwa hiyo ni laini na tamu bila kelele; inaiachia kakao nafasi. Kasoro yake ni kwamba haina harufu kubwa. Mtengenezaji lazima aikaange hadi iwe na rangi ya dhahabu iliyokolea, karibu na kahawia. Korosho nyeupe, kama zile za pakiti za zawadi, hupotea kabisa ndani ya chokoleti. Madaraja mazuri ya soko, W240 na W320, hutajwa kwa idadi ya korosho katika ratili, na huzingatia ukubwa na weupe. Kwa baa ya chokoleti hayo hayana maana. Vipande vilivyovunjika wakati wa kubangua, ambavyo huuzwa kwa bei ya chini Mtwara na Lindi, vinafaa zaidi. Njugu nzima humponyoka mtu: chokoleti inayeyuka na kumezwa, kisha anabaki anatafuna korosho tupu. Vipande vya milimita tatu au nne humalizika pamoja na chokoleti.

Karanga ina sauti kubwa. Kwenye baa nyeusi yenye matunda inashinda kila kitu. Iweke na chokoleti ya maziwa na chumvi ya kutosha, hapo inapendeza sana. Lozi ina ganda jembamba lenye uchungu kidogo unaoshikana vizuri na kakao, na inakatika kwa mlio hata baada ya miezi. Makadamia ya Murang'a na Embu ni robo tatu mafuta; ukiiweka kwenye chokoleti ambayo nayo ni mafuta, mdomo unajaa utando, hivyo hiyo haiendi bila chumvi, tena punje kubwa.

Hezelinati ni ya Torino, kaskazini ya Italia. Wakati wa vikwazo vya biashara vya Napoleon, vilivyoanza 1806, kakao ilikuwa haba na ghali, na hezelinati za vilima vya Langhe zilikuwa karibu. Zikasagwa na kuchanganywa na kakao, na mwaka 1865 kampuni ya Caffarel ikaitoa kama peremende iliyofungwa kwa karatasi yake. Njugu ikisagwa hivyo, mafuta yake hujichanganya na ya kakao na kuyalegeza, baa inayeyuka mapema zaidi. Ulaya hiyo ni sifa. Huku kwetu ni tatizo la usafiri, basi ukiletewa zawadi ya aina hiyo, uile wiki hiyohiyo.

Baa nene za Dubai zenye pistachio na nyuzi za kunafa, ambazo kampuni ya FIX ilizianzisha mwaka 2021 na wasafiri wetu wakazijaza kwenye mabegi, ziweke nje ya meza hii. Ni vitindamlo vilivyovikwa chokoleti, na vihukumiwe kwa ujazo wake. Ukizipanga na baa za kakao, zitazima ndimi za watu kwa saa nzima.

Mezani

Baa nne zinatosha kwa jioni moja. Tano ni mwisho. Anza na nyeusi tupu, kisha nyeusi yenye korosho bila chumvi, kisha yenye chumvi bila njugu, kisha yenye vyote viwili. Ya maziwa iwe ya mwisho. Usirudi nyuma baada ya chumvi. Kati ya baa na baa, mkate kidogo, maji ya uvuguvugu, na dakika tatu nne za mazungumzo ambayo hayahusu chokoleti.

Baa ya vyote viwili ina maswali matatu tu. Je, maneno uliyoandika kwa baa tupu bado unayaona humu? Kipi kilifika kwanza, na ungependa kifike kwanza? Na baada ya kumeza, dakika moja baadaye, mdomoni kumebaki nini: kakao, mafuta, au kiu? Kikibaki kiu, chumvi imezidi, hata kama ulipokuwa ukitafuna ulifurahi. Likiwa limebaki tunda la ile kakao, na nyuma yake harufu ya korosho iliyoiva, mtengenezaji anaijua kazi yake. Andika jina lake.

Kama hukupata dukani baa ya chumvi na korosho, jitengenezee ya kuonjea. Kaanga korosho mbichi kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha hadi zikolee, uziache zipoe kabisa kabla ya kuzikatakata. Moto ukibaki ndani yake utayeyusha chokoleti. Ponda chumvi ya mawe. Chukua kipande cha baa tupu, weka punje mbili za chumvi na kipande kimoja cha korosho ulimini, chokoleti juu yake. Kisha ongeza punje moja moja hadi kakao ianze kupotea, urudi nyuma hatua moja. Hicho ndicho kiasi chako, na si lazima kifanane na cha mwenzako. Kijiko cha chai cha chumvi kina gramu sita hivi, kwa hiyo nusu gramu ya baa nzima ya gramu 100 ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko, kidogo kuliko mkono wa mpishi unavyozoea.

Vipande vilivyobaki vifunge vizuri, vyenye njugu mbali na vitupu, kwa sababu mafuta ya kakao hunyonya harufu za jirani, ziwe za karanga, za vitunguu au za sabuni. Baa ya njugu imalize ndani ya majuma mawili. Ile iliyoshindwa mtihani usiitupe: ikatekate, iyeyushe kwenye maziwa ya moto pamoja na kijiti cha mdalasini, uzichuje njugu kama zimechoka, na chumvi iliyokuwa imezidi kwenye baa itatosha kwa sufuria nzima.